Kokasi ya Warepublican wa Iowa: tathmini ya huduma inayompa mpiga kura nafasi ya kumjibu gavana wake

Waswahili tunaoishi Iowa huulizana mara kwa mara kuhusu huduma: kliniki ipi ina mkalimani, wakala yupi wa bima anasema ukweli, duka lipi linauza unga wa muhogo kwa bei ya haki. Sijaona mtu akitathmini huduma moja ambayo raia yeyote wa jimbo hili aliyefikisha umri wa kupiga kura anaweza kuipata bila kiingilio, nayo ni kokasi ya chama cha Republican, yaani mkutano wa jioni moja ambamo wanachama wa kila eneo la kupigia kura hukusanyika na kusema wanamtaka nani awe mgombea wao wa urais. Ninaipima kwa swali moja tu: je, inamsaidia mpiga kura mhafidhina kulichambua neno la kiongozi wake pale kiongozi huyo anapomtaja hadharani mtu anayemtaka? Toleo ninalolizungumzia ni la tarehe 15 Januari 2024, kwa kuwa mwaka huo swali hilo liliulizwa kwa ukali kuliko miaka mingine ninayoifahamu.

Kiongozi mwenyewe alikuwa Gavana Kim Reynolds. Alishika kiti hicho mwaka 2017, Terry Branstad alipoondoka kwenda kuwa balozi nchini China, akachaguliwa na wananchi mwaka 2018 na kuchaguliwa tena mwaka 2022. Alikuwa amesema kwamba hatachukua upande katika mchujo wa urais, ili kila mgombea ajione amekaribishwa jimboni, na msimamo huo peke yake ulimkasirisha Donald Trump kiasi cha kumshambulia katika mtandao wake mwezi Julai 2023, akidai kuwa yeye ndiye aliyemfungulia njia ya ugavana. Kisha tarehe 6 Novemba 2023, mjini Des Moines, Reynolds alisimama jukwaani na Gavana Ron DeSantis wa Florida na kutangaza kwamba anamuunga mkono. Alisema wazi kwamba haamini Trump anaweza kushinda uchaguzi mkuu. Wiki chache kabla ya hapo, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Brenna Bird, ambaye naye ni Mrepublican aliyechaguliwa na jimbo zima, alikuwa amemuunga mkono Trump. Mpiga kura wa kawaida akajikuta amepokea ushauri wa aina mbili kutoka kwa watu wawili anaowaheshimu.

Mjadala uliofuata ulikuwa na uzito, na anayedhani wahafidhina wa Iowa walikuwa wakirushiana majina ya wagombea tu hakuusikiliza. Waliokubaliana na gavana walianza na kazi yake. Mwezi Januari 2023 alitia saini sheria inayowapa wazazi fedha za serikali kwa ajili ya karo za shule binafsi, na mwezi Julai mwaka huohuo akatia saini sheria inayozuia utoaji mimba mara tu mapigo ya moyo yanapoweza kutambuliwa, ambayo ni takriban wiki ya sita. DeSantis alikuwa ametia saini sheria kama hiyo kule Florida mwezi Aprili, na Trump, alipohojiwa kwenye televisheni mwezi Septemba, aliiita sheria ya Florida kosa baya sana. Kwa familia za makanisa ambazo zimeiombea sheria ya namna hiyo kwa miaka mingi, maneno hayo yaliingia moyoni. Walisema kwamba gavana hakuwa akimtafutia rafiki yake cheo, bali alikuwa akiitetea kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Upande wa pili ulikuwa na jibu, na jibu hilo lilitoka katika suala lilelile la uhai wa mtoto tumboni. Walisema kwamba bila majaji watatu aliowateua Trump katika Mahakama Kuu ya Marekani, uamuzi wa mwezi Juni 2022 uliorudisha suala la utoaji mimba mikononi mwa majimbo usingepatikana, na sheria ya gavana isingekuwa na mahali pa kusimama. Wakulima walikumbuka malipo ya fidia ambayo serikali ya Trump iliwapa wakati wa mvutano wa kibiashara na China kuanzia mwaka 2018. Wengi waliyaona mashtaka ya jinai yaliyofunguliwa dhidi yake mwaka 2023 kuwa mateso ya kisiasa, na kwao kumwacha wakati huo kulifanana na usaliti. Juu ya yote waliuliza: kama gavana alisema hatachukua upande, kwa nini amechukua?

Kiini cha ubishi, kwa maoni yangu, kilikuwa suala la deni. Trump alidai kwamba Reynolds ana deni kwake, kwa kuwa alimfanyia kampeni mwaka 2018 alipokuwa katika hatari ya kushindwa. Ni kweli kwamba mwaka huo alipita kwa shida, kwa asilimia 50 na kidogo, lakini mwaka 2022 alipata asilimia 58, na waliompa asilimia hizo ni watu wa Iowa. Mhafidhina anayeamini kwamba madaraka hutoka kwa wananchi hana budi kujiuliza gavana anawajibika kwa nani kwanza: kwa rais aliyempigia debe au kwa waliompigia kura. Nalipenda swali hili kwa sababu haliishii kwa Reynolds. Linamhusu kila mwanasiasa anayebebwa na mkubwa wake, na nilifurahi kusikia watu wasiowahi kushika nafasi yoyote ya uongozi wakilijadili kwa makini.

Hoja ya gavana kwamba Trump hawezi kushinda ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote, na hili linaweza kusemwa hata bila kutumia matokeo ya Novemba 2024. Utabiri haumfungi msikilizaji kama ushahidi wa kazi unavyomfunga. Kila uchunguzi wa maoni uliomwonyesha Trump akikaribiana na Rais Biden au kumzidi uliimega hoja hiyo, na wafuasi wa Nikki Haley nao waliigeuza kwa faida yao: kama kigezo ni kushinda, walisema, basi mchukueni mgombea wetu. Laiti Reynolds angebaki kwenye rekodi ya magavana wawili waliotimiza waliyoahidi, nadhani wapinzani wake wangepata kazi ngumu zaidi.

Anayetaka kuihukumu huduma hii kwa haki akumbuke kwamba wahafidhina wa Iowa hawajawahi kuwa watu wa kuburutwa. Mwezi Januari 2016 Gavana Branstad alisema hadharani kwamba angependa Ted Cruz ashindwe, kwa sababu ya msimamo wa Cruz kuhusu ethanoli, mafuta yanayotengenezwa kwa mahindi na yanayobeba sehemu kubwa ya uchumi wa jimbo hili. Tarehe 1 Februari Cruz alishinda Iowa, akiwa mbele ya Trump. Kinyume chake, Bob Vander Plaats, kiongozi wa Wakristo wa kiinjili, alikuwa amewaunga mkono Mike Huckabee mwaka 2008, Rick Santorum mwaka 2012 na Cruz mwaka 2016, na wote watatu walishinda hapa. Alipomtaja DeSantis tarehe 21 Novemba 2023, majuma mawili tu baada ya gavana, ilionekana kana kwamba milango miwili mikubwa ya uhafidhina wa Iowa imefunguliwa kwa mtu mmoja.

Sasa niitathmini huduma yenyewe, nikianza na sehemu yake bora, ambayo hutangulia usiku wa mkutano. Kwa miezi mingi kabla ya kokasi wagombea huja hadi katika miji midogo, na mpiga kura anaweza kukaa karibu na mtu anayetaka kuwa rais na kumuuliza swali lake ana kwa ana. Mikahawa ya Pizza Ranch, iliyoanzia katika mji mdogo wa Hull mwaka 1981, imekuwa ukumbi wa mazungumzo haya kwa sababu mingi ina chumba cha mikutano, na mtu anaweza kujipakulia kuku na pitsa huku akimsikiliza mgombea. DeSantis alizitembelea kaunti zote 99 za jimbo, akamalizia Newton mwanzoni mwa Desemba 2023. Ni katika vikao hivyo, na kwenye maegesho ya makanisa baada ya ibada ya Jumapili, ambapo uamuzi wa gavana ulipimwa kwa kina. Sehemu hii ya huduma naipa alama za juu kabisa, na yeyote atakayesubiri usiku wa kokasi peke yake atakuwa amekosa nusu ya thamani yake.

Usiku wenyewe una utaratibu mwepisi. Mkutano huanza saa moja jioni katika shule, kanisa, maktaba au jengo la jamii. Unakwenda mahali palipopangiwa eneo lako la kupigia kura, ukiwa na kitambulisho chenye picha, nawe lazima uwe umejiandikisha kama Mrepublican, ingawa unaweza kujiandikisha au kubadili chama palepale mlangoni. Hata kijana wa miaka 17 anaruhusiwa, mradi atakuwa ametimiza miaka 18 kufikia siku ya uchaguzi mkuu. Wanaouendesha ni wanachama wanaojitolea, kwa kuwa kokasi ni shughuli ya chama na wala si ya serikali. Baada ya kufungua mkutano, wasemaji wa wagombea hupewa dakika chache kila mmoja, kisha kila mtu huandika jina la anayemtaka kwenye kipande cha karatasi, kwa siri, na karatasi huhesabiwa hapohapo huku wawakilishi wa wagombea wakitazama. Jimbo lilikuwa na maeneo 1,657 ya namna hiyo.

Uwazi wa hesabu hiyo ndio ulionigusa zaidi. Katika mkutano niliohudhuria hapakuwa na pazia kati ya mpiga kura na kura yake baada ya kutumbukizwa: karatasi zilifunuliwa mezani, majina yakasomwa, na yeyote aliyetaka kuzihesabu pamoja na wahesabuji angeweza kufanya hivyo. Nyuma yangu waliketi mzee mmoja na mkwewe wa kiume. Kijana alisema Kim hajawahi kuwadanganya, na kwa hiyo akisema DeSantis yeye anamwamini. Mzee akamjibu kwamba Kim alisema hatachukua upande. Waliendelea hivyo hadi karatasi zilipogawiwa, kwa sauti ya chini na bila kukasirikiana, kisha kila mmoja akaandika la kwake. Kwa sisi tuliokulia katika siasa ambamo mkubwa akishamtaja mtu wake wengi hunyamaza, mazungumzo ya namna hiyo ni jambo la kuthaminiwa sana.

Hata hivyo, huduma hii ina kasoro ambazo mtumiaji anapaswa kuzijua, na kubwa kuliko zote ni kwamba asiyekuwapo hapigi kura. Nesi wa zamu ya usiku, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama anayeingia kazini jioni, mama mwenye mtoto mgonjwa na mzee asiyeweza kutembea kwenye barafu wote huachwa nje, kwa sababu hakuna kura ya posta wala ya kuwakilishwa. Mwaka 2024 jambo hili lilizidi kuwa zito kwa sababu ya hali ya hewa. Dhoruba ya theluji ilikuwa imewalazimu wagombea kufuta mikutano kadhaa siku chache kabla, na jioni ya kokasi baridi ilifika karibu nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri katika sehemu nyingi, kabla hata ya kuujumlisha upepo. Waliofika jimbo zima walikuwa takriban 110,000, ilhali mwaka 2016 walikuwa karibu 187,000. Wademocrat wa jimbo hili walihamia kadi za posta mwaka huo, na ingawa kwa njia hiyo walipoteza mazungumzo ya ana kwa ana, angalau waliwafikia watu walio kazini. Naamini Warepublican wanaweza kutafuta namna ya kumhudumia mfanyakazi wa zamu bila kuua mkutano, na ni wajibu wao kufanya hivyo, kwa kuwa chama kinachojinadi kama chama cha watu wa kazi hakipaswi kumfungia mlango mtu kwa sababu yuko kazini.

Kasoro ya pili ni kwamba mjadala wa usiku wenyewe ni mfupi mno. Wasemaji huzungumza, wasikilizaji husikiliza, na utaratibu hauweki nafasi ya kuulizana maswali. Mtu aliyekuja akitaka kusikia msemaji wa DeSantis akijibu suala la ahadi ya gavana ya kutochukua upande angelazimika kumvizia kabla ya mkutano kufunguliwa. Kwa huduma inayosifiwa kwa majadiliano ya majirani, huo ni upungufu mkubwa. Dakika kumi za maswali zingebadilisha sura ya jioni nzima.

Kuna pia suala la matangazo. Shirika la habari la Associated Press lilimtangaza Trump kuwa mshindi yapata nusu saa baada ya mikutano kuanza, wakati watu katika baadhi ya maeneo hawajapiga kura bado. Kambi ya DeSantis ililalamika, na ingawa pengo lilikuwa kubwa kiasi kwamba matokeo yasingegeuka, mpiga kura aliyevuka baridi ile kuja kuwasikiliza majirani zake alistahili kuandika jina kabla ya kuambiwa na simu yake kwamba mambo yamekwisha. Kosa hilo si la watu wanaojitolea mlangoni. Kwa upande wa usahihi, chama kimejifunza kutokana na mwaka 2012, pale Mitt Romney aliposemwa usiku ule kuwa anaongoza kwa kura 8, kisha majuma mawili baadaye Santorum akaonekana kuwa mbele kwa kura 34, huku matokeo ya maeneo 8 yakiwa hayajulikani yalipo. Mwaka 2024 hesabu zilifika haraka na bila utata.

Je, neno la gavana lilikuwa na nguvu? Uchunguzi wa maoni wa gazeti la Des Moines Register ulimpa DeSantis asilimia 16 mwezi Oktoba 2023, kabla ya tangazo la Reynolds, na asilimia 19 mwezi Desemba, baada ya tangazo hilo na la Vander Plaats. Trump katika kipindi hichohicho alipanda kutoka asilimia 43 hadi 51. Usiku wa kokasi Trump alipata asilimia 51, DeSantis 21, Haley 19 na Vivek Ramaswamy karibu 8. Siku sita baadaye DeSantis alijitoa na kumuunga mkono Trump. Kwa hesabu hizo mtu anaweza kusema kwamba gavana alipuuzwa, lakini mimi sikubaliani na lugha hiyo. Walewale waliokataa ushauri wake wengi wao waliendelea kumsifu kwa sheria zake. Walimsikiliza, wakaupima ushauri wake na kuukataa, na kumkatalia mtu jambo moja hakumaanishi kumvunjia heshima.

Kwa kulinganisha, New Hampshire hutoa huduma tofauti. Gavana wake wa wakati huo, Chris Sununu, alimuunga mkono Haley tarehe 12 Desemba 2023, na tarehe 23 Januari wapiga kura wakaingia vituoni katika uchaguzi wa mchujo unaoendeshwa na serikali, kwa siku nzima, wakiwemo wasio wa chama chochote. Haley alipata asilimia 43 na Trump 54. Ni huduma rahisi zaidi kwa mtu mwenye kazi na familia, na idadi ya wanaoshiriki huonyesha hivyo. Lakini mpiga kura wa kule huingia kituoni, hupiga kura na kutoka, na anaweza kumaliza bila kumsikia jirani yake akitoa sababu. Mimi ningechagua ya Iowa, ila ningeirekebisha.

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyepata uraia na anayeishi hapa, hasa sisi wa Kaunti ya Johnson ambako familia nyingi kutoka Kongo zimejenga maisha, nina neno la pekee. Katika kokasi hiyo ya 2024 kaunti yetu ndiyo pekee kati ya 99 ambayo Trump hakushinda, na Haley alimzidi kwa kura moja, 1,271 dhidi ya 1,270. Hakuna hoja ninayoweza kuiongeza juu ya takwimu hiyo kwa anayesema sauti yake haihesabiki. Mkutano unaendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ni vyema kwenda na mtoto mkubwa au ndugu aliye mwepesi wa lugha, kufika angalau nusu saa mapema, na kuhakikisha kabla ya siku hiyo ni jengo lipi limepangiwa eneo lako, kwani kufika katika eneo lisilo lako kutakunyima haki ya kushiriki. Usiogope kwamba hutajua la kusema. Hakuna anayelazimishwa kusema, na jina unaloandika halisomwi pamoja na lako.

Jambo la mwisho ni kwamba usiondoke mara tu baada ya kutumbukiza karatasi yako. Watu wengi huvaa makoti na kutoka, ilhali sehemu inayofuata ndiyo inayochagua wajumbe wa mkutano mkuu wa kaunti na wanakamati wa eneo, na ndipo mwanachama yeyote anaweza kupendekeza jambo la kuingizwa katika ilani ya chama. Kule nilikohudhuria, waliobaki walikuwa wachache kiasi kwamba aliyenyoosha mkono kuomba ujumbe aliupata bila kushindana na mtu.